Ramani ya mbao ya Italia kutoka kwa fundi mitumbwi wa Igombe

Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza. Kwa miaka kumi na moja mada ya kuungana kwa Italia imekuwa ikinishinda. Wanafunzi wangu walikariri tarehe zote, halafu kwenye mtihani mtu anaandika kwamba jemadari Garibaldi aliikomboa Venezia, au kwamba Roma ilikuwa mji mkuu tangu 1861. Ramani tuliyokuwa tunatumia ilishatolewa fotokopi mpaka mipaka na maandishi vimekuwa kitu kimoja. Mwaka huu nikaamua kutafuta mtu wa kunichongea ramani ya mbao ambayo vipande vyake vinatoka.

Huko Igombe, ufukweni mwa ziwa, nilimpata mzee mmoja anayeunda mitumbwi ya dagaa. Mabaki ya mbao anatengenezea vigoda na meza ndogo. Ramani hakuwahi kutengeneza. Nilimpelekea mchoro wangu kwenye karatasi ya manila, tukapatana shilingi 60,000, nusu mkononi, kazi iwe tayari kwa wiki moja. Ilichukua wiki tatu, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu: niliagiza kipindi cha mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani na kila mtumbwi uko ufukweni unasubiri kuzibwa. Mkitaka kazi iende, agizeni kipindi cha giza.

Kitu chenyewe kimenifurahisha tangu siku ya kwanza. Ni bodi ya plaiwudi ya futi tatu kwa mbili, juu yake ameweka fremu yenye umbo la Italia, na ndani ya fremu vinakaa vipande vya mninga vyenye unene wa kidole gumba. Kingo amezipiga msasa hadi hazichomi mkono. Rangi ni zile zile za mitumbwi: bluu kwa ufalme wa Piedmont na Sardinia, njano kwa Dola za Papa, nyekundu kwa Napoli na Sisilia. Ukiangusha kipande sakafuni hakimeguki. Nimeshajaribu bila kukusudia.

Tatizo lilijitokeza kipindi cha kwanza. Mchoro wangu ulikuwa wa Italia ilivyoachwa na madola makubwa ya Ulaya kwenye Mkutano wa Vienna mwaka 1815, dola kuu saba kwenye vipande tisa, na Lombardia na Venezia zikiwa kipande kimoja kwa sababu zote zilikuwa chini ya Austria. Nikafika 1859. Nikaeleza Cavour, waziri mkuu wa Piedmont, alivyokutana kwa siri na Napoleon III wa Ufaransa huko Plombières mwaka 1858, vita na Austria ikaja, mapigano ya Magenta, kisha Solferino, kisha Napoleon III akasimamisha mapigano kule Villafranca bila kumshirikisha Cavour, aliyejiuzulu kwa hasira. Piedmont ikapata Lombardia. Nikainua kipande nikakisogeza. Binti wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, mbona na Venezia imekuja?"

Alikuwa sahihi. Venezia ilibaki kwa Austria miaka saba zaidi. Na nilipoangalia vizuri nikaona Dola za Papa nazo haziwezi kuwa kipande kimoja: Romagna iliingia mwanzoni mwa 1860, Marche na Umbria mwishoni mwa mwaka huo huo, Roma yenyewe 1870. Piedmont nayo ilipaswa kukatwa, maana Savoia na Nice walipewa Wafaransa mwaka 1860 kama malipo ya msaada wao. Nice ndiko alikozaliwa Garibaldi, na hakuwahi kumsamehe Cavour kwa hilo.

Nikarudi Igombe na vipande kwenye mfuko wa salfeti. Mzee akavipanga juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akachukua penseli sikioni, akanisikiliza nikimwonyesha pa kupitisha msumeno. Kisha akaniuliza, "Mayu (mama), hawa watu waliungana lini hasa? Maana kila ukija unaniambia nikate."

Nilikaa pale karibu saa nzima nikimweleza, na nadhani ndiyo siku niliyoielewa mada yangu mwenyewe. Vitabu vinaanza na taifa, kana kwamba lilikuwepo likisubiri kukombolewa. Mazzini, mwanamapinduzi wa Kiitaliano, aliliamini hivyo kwa moyo wake wote alipoanzisha chama cha Giovane Italia, yaani Italia Changa, mwaka 1831, akiwa uhamishoni Marseille. Lakini vipande vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja kwa njia yake: kingine kwa vita, kingine kwa kura, kingine kwa mapatano ya wakubwa.

Kukata upya aliniongezea 15,000. Sasa vipo vipande kumi na tano. Msumeno umekula mbao kidogo, kwa hiyo kati ya Lombardia na Venezia kuna mwanya wa upana wa unyasi. Aliniuliza kama auzibe kwa gundi na vumbi la mbao, nikamwambia auache.

Kipindi cha 1860 ndicho kilicholipa gharama yote. Nilimpa kijana mmoja wa Ukerewe vipande viwili vyekundu, nikamwambia yeye ndiye Garibaldi. Nikasimulia: wafuasi wa kujitolea kama elfu moja, meli mbili za mvuke, Piemonte na Lombardo, wanaondoka Quarto karibu na Genova, wanashuka Marsala tarehe 11 Mei, na tarehe 7 Septemba yuko Napoli. Darasa la watoto wa ziwani halikuniachia hizo meli. Zilikuwa kubwa kiasi gani? Walilala wapi? Mmoja akapiga hesabu kwamba New Victoria Hapa Kazi Tu inachukua abiria 1,200, kwa hiyo jeshi lote lingeenea kwenye meli yetu moja ya Bukoba. Garibaldi alikuwa baharia kabla ya kuwa jemadari, na walipojua hilo walimsikiliza tofauti.

Tukafika Teano, Oktoba 1860, Garibaldi anapokutana na Mfalme Vittorio Emanuele II wa Piedmont na kumwachia kusini yote. Yule kijana alikuwa bado ameshika vipande vyake. Akaniangalia. "Nampa tu, Mwalimu?" Nikamwambia ndiyo, ingawa Garibaldi alitamani jamhuri na si mfalme, kisha akaenda zake kulima kisiwani Caprera. Aliviweka kwenye fremu taratibu sana.

Maswali yaliyofuata sikuwahi kuulizwa nilipokuwa nafundisha kwa fotokopi. Wenyeji waliulizwa? Waliulizwa, tarehe 21 Oktoba: Sisilia kura 432,053 za ndiyo, 667 za hapana. Darasa likaguna. Nikawaeleza kwamba kura zilipigwa hadharani, kila mtu akionekana anachukua karatasi ipi. Nikawaeleza pia habari za Bronte, mji wa Sisilia, ambako wakulima walidhani ukombozi maana yake ni kugawiwa ardhi, wakaasi, wakaua watu, na Nino Bixio, mtu wa Garibaldi mwenyewe, akaamuru watano wapigwe risasi. Hayo yote kabla Ufalme wa Italia haujatangazwa Torino tarehe 17 Machi 1861. Na mfalme hakubadilisha hata namba yake: alibaki wa Pili, kwa hesabu ya ukoo wake wa Savoia, ingawa kwa Italia alikuwa wa kwanza.

Fremu ilipojaa niliuliza: sasa hawa wanaongea lugha gani? Wanaisimu wanakadiria kwamba mwaka 1861 waliokijua Kiitaliano walikuwa kati ya 2.5 na 10 katika kila mia. Cavour mwenyewe alikuwa huru zaidi kwenye Kifaransa. Karibu watu watatu katika kila wanne hawakujua kusoma. Darasa langu lina Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wakurya, na ubishi wote huo ulikuwa unaendeshwa kwa Kiswahili bila mtu kufikiria. Nikawasimulia habari za bibi yangu wa Magu, aliyejifunza kusoma na Kiswahili kwa pamoja kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, chini ya mwembe, akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa anajisomea barua zangu kwa sauti mpaka anafariki. Napenda wanafunzi wajue kwamba hiyo nayo ni kazi ya kujenga taifa, na kwamba ilifanywa na watu wanaowajua.

Kasoro zilizobaki ni ndogo. Kipande cha Roma alikichonga kwa paina kwa sababu mninga ulimwishia, na mvua za Aprili zilikivimbisha; hakiingii mpaka ukipige kwa kiganja. Majina aliyaandika kwa brashi nene, Parma inasomeka kwa shida kutoka viti vya nyuma. Na ni mzigo: kwenye daladala nimeipakata mapajani safari zote. Kwa 75,000, kitu ambacho kitakaa shuleni miaka ishirini, sioni aghali. Ukienda, chora mistari yote ya kukata tangu mwanzo, usirudie kosa langu, na mwambie akupe mninga mtupu.

Mimi nimeshaagiza ya pili, ya Ujerumani. Dola 39 za shirikisho la 1815 haziwezekani, zingine zingekuwa ndogo kuliko kifungo, kwa hiyo nimempunguzia. Nataka iwe tayari kabla ya muhula ujao ili nizitumie zote mbili siku moja. Venezia iliingia Italia mwaka 1866 kwa sababu Prussia iliipiga Austria, wakati Waitalia wenyewe walikuwa wameshindwa Custoza na Lissa. Roma iliingia tarehe 20 Septemba 1870 kwa sababu Wafaransa waliokuwa wanamlinda Papa Pius IX waliondoka kwenda kupigana na Prussia hiyo hiyo. Aliyekuwa anaiongoza Prussia ni Bismarck, na jiwe la ziwani lenye jina lake hapa Mwanza tunaliona kila tukipita njia ya Kamanga. Nilipomweleza mzee hayo, aliacha randa akatazama upande wa mjini, akaniuliza kama Prussia aipake rangi gani.