Saiti za bure za utafiti: nimezijaribu, hizi ndizo zafaa

Haya, sauti yafika? Niambieni hapo chini kama yakwaruza, leo narekodi barazani Kibokoni hapa Mombasa na hawa wa tuktuk mwawajua wenyewe, honi haikauki. Leo sina simu wala spika ya kuwafungulia boksi, leo nachambua saiti za bure za utafiti wa sayansi jamii, na aliyenitia mbioni ni dada mmoja wa chuo alonitumia voisi akilia kwamba kuna saiba yamtoza shilingi mia kwa kila makala ya jarida anayotafutiwa. Makala 14. Piga hesabu. Nikamwambia hebu nisomee vichwa vyake kimoja kimoja, mi niko na laptopu hapa, basi wallahi tisa kati ya hizo zilikuwa bure kabisa, yule jamaa kazi yake ilikuwa kubonyeza na kuprinti tu.

Tuanze na Google Scholar, ile Google ya kutafuta makala za kitaalamu peke yake, iko tangu 2004 na kila mtu aijua lakini wengi wetu twaitumia vibaya. Tazameni skrini. Nimeandika mada ya huyo dada, wamama wauza samaki na vyama vyao vya kuweka pesa. Makala ikiwa na kilinki cha pdf mkono wa kulia hiyo ni ya bure, bonyeza, soma. Ikiwa haina, usikimbilie saiba, shuka hapa chini ya haya maandishi madogo, mwaona pameandikwa idadi ya matoleo? Hapo ndipo penyewe. Jarida laweza kuwa lauza lakini mwandishi ashaweka nakala yake kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo chake, na hiyo nakala yatokea hapa ukifungua. Kama uko kwa kompyuta weka na Unpaywall kwenye brauza, ni kikufuli kidogo kwa pembeni, kikigeuka kijani ujue kuna nakala ya bure mahali. Na ikishindikana kabisa mwandikie mwandishi imeli ya heshima umuombe, wengi hutuma, tena wengine hufurahi ati kuna mtu Mombasa amesoma kazi yao.

Ubaya wa Scholar ni kwamba yaokota kila kitu. Mimi mwenyewe nilipokuwa naandika projekti niliweka makala ya jarida moja ambalo kumbe lachapisha yeyote mwenye pesa, supavaiza akaizungushia kalamu nyekundu akaniuliza, "Hili jarida walijua wewe?" Nikanyamaza kimya, ningemjibu nini. Siku hizi kama jarida silijui nalitafuta kwanza kule DOAJ, ile orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa. Kukosekana kule si lazima liwe bovu, lakini mimi hapo naongeza macho. Scholar naipa nane juu ya kumi.

AJOL sasa. Wanafunzi wetu waidharau na sijui kwa nini, labda kwa sababu ni ya kwetu. Iko Afrika Kusini, yakusanya majarida yanayochapishwa Afrika tangu 1998, na ukitafuta mambo ya ardhi, ndoa, uvuvi, madrasa, wapata watu waloandika wakiwa ndani ya mambo hayo. Si yote bure, zingine walipia, kwa hivyo angalia alama kabla hujabonyeza ukaudhika. Kutafuta kwake kwachosha kidogo. Nane na nusu, na hiyo nusu ni mapenzi tu.

JSTOR, hii ni maktaba ya mtandaoni ya majarida, fungua akaunti ya bure, wasoma makala 100 kila siku 30. Kusoma tu, kudaunlodi hakuna, kwa hivyo bando lazima uwe nalo kila ukirudi. Yafaa sana kwa mambo ya zamani, historia na anthropolojia ya pwani, lakini majarida mengi matoleo mapya hayamo. Saba.

Sasa tusogee kwa data, na hapa nawaomba mtulie maana hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Nimesoma propozo ya mtu imeandikwa Mombasa ina watu milioni tatu. Ameitoa wapi? Kwenye saiti ya habari. Na sensa ya 2019 iko bure kwenye saiti ya KNBS, wale wa takwimu za taifa, pdf, haitaki hata paswedi: kaunti nzima ni watu 1,208,333, Kisauni 291,930, Likoni 250,358. Juzuu la pili lashuka mpaka kata ndogo. Wataka elimu, kazi, nyumba za watu zina nini, nenda la nne. Pdf zenyewe ni nzito, zidaunlodi mahali pana waifai, usije ukanilaumu bando limekwisha.

Afrobarometer, wale wanaozunguka nchi za Afrika kuuliza watu maoni yao raundi baada ya raundi, kwa upande wa data hii naipenda zaidi, yaani wapewa majibu yenyewe ya watu, mmoja mmoja, bila majina, kuhusu serikali, ufisadi, maisha, maji. Faili ni za SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, lakini usinunue SPSS, PSPP au jamovi zafungua na ni za bure. Lakini jamani. Kenya huhojiwa watu kama 2,400. Mombasa ni kama wawili na nusu katika kila Wakenya mia, kwa hivyo humo ndani watu wa Mombasa ni kama 60 hivi, wazidi kidogo wapungue kidogo. Sasa wewe uchukue watu 60, uwagawe wanaume na wanawake, ugawe tena vijana na wazee, halafu uandike ati "vijana wa kike Mombasa wanaamini hivi", wewe waongea kuhusu watu wanaoenea ndani ya matatu moja! Itumie kuonyesha hali ya nchi, au linganisha raundi kwa raundi, halafu Likoni nenda kahoji mwenyewe. Tisa.

Ya mwisho Zotero, ya kupanga marejeo. Bure, hifadhi yao ya mtandaoni ni MB 300 na pdf huzijaza haraka, kwa hivyo acha pdf kwa laptopu yako usinki marejeo peke yake. Mimi marejeo ya projekti niliyachapa kwa mkono, usiku mzima, na bado miaka ya marejeo mawili nikaikosea. Tisa na nusu. Yule dada nimemuwekea jana, sasa aniuliza kama saiba yaweza kumrudishia pesa zake.