Pedi za nyuma kwa gari lenye hendibreki ya umeme: ununue zipi Uganda

Tangu sheria ya 2018 ilipokataza kuingiza Uganda magari yaliyofikisha miaka 15, magari yanayoshuka kwenye bondi (yadi za kuuzia magari ya kuagizwa) za Kampala yamekuwa mapya kidogo, na mengi hayana tena ule mkono wa hendibreki kati ya viti. Kuna kitufe chenye herufi P tu. Ukikivuta unasikia mota ikilia huko nyuma, gari limeshikwa. Raha, mpaka siku pedi za nyuma zinapoisha. Hapo mwenye gari anakwenda Kisekka, soko la spea, kuuliza bei ya pedi, akidhani gharama inaishia hapo.

Mimi ningepanga hela ya fundi kwanza, kinachobaki ndipo ninunue pedi. Pedi mbovu itapiga kelele na kula disiki. Fundi asiye na mashine ya kompyuta ya kuiamuru mota atakuvunjia kalipa, kile chombo kinachobana pedi kwenye disiki, na kalipa moja yenye mota inaweza kukugharimu kuliko pedi utakazonunua kwa miaka kadhaa.

Jua gari lako ni la kundi gani

Inama nyuma ya gurudumu la nyuma na tochi. Ukiona kasha jeusi la plastiki limefungwa kwenye mgongo wa kalipa na waya mnene umeingia humo, hiyo ndiyo mota. Inazungusha skrubu ndani ya kalipa, skrubu inasukuma pistoni. Volkswagen Passat za kuanzia 2005, Audi A4 ya B8, Honda Vezel na Toyota C-HR ziko hivi.

Kundi la pili lina mota moja iliyojificha mbali, inavuta kebo, na kebo zinatanua breki shu ndogo zilizo ndani ya disiki. Land Rover Discovery 3, BMW X5 ya E70, na Subaru Legacy na Outback za 2009 hadi 2014 ziko humu. Kwa hizi, pedi zinabadilishwa kama gari lolote, haina haja ya mashine. Breki shu ni ununuzi mwingine kabisa, na kwa anayepita barabara za vumbi na matope zichunguzwe kila disiki inapovuliwa.

Kuanzia hapa nasema zaidi na wa kundi la kwanza.

Pedi, kutoka ninayoipenda hadi nisiyoigusa

Nafasi ya kwanza naipa pedi ya kampuni inayotengeneza breki zenyewe za kiwandani, ikiuzwa kwenye boksi lake. Kwa magari ya Ulaya tafuta ATE, TRW, Textar au Brembo. Kwa ya Japani, Akebono au Advics. Mara nyingi unapata ubora ulio sawa na wa kiwandani bila kulipia nembo ya gari. Boksi zuri la Passat au Audi huja pia na bolti mpya za kalipa, kwa sababu zile za zamani zina gundi ya kiwandani na hazikukusudiwa kufungwa mara ya pili. Boksi lisilo na bolti, ziulizie kando.

Ya pili ni pedi yenye nembo ya gari lako, Toyota au Volkswagen yenyewe. Kwa ubora haina neno. Nimeishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu boksi lenye nembo kubwa ndilo wanaoghushi wanalipenda zaidi. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii ni jenyuini, angalia boksi." Achana na boksi, shika pedi. Geuza bamba la chuma la mgongoni utafute alama ya E na namba ndani ya duara, na karibu nayo namba inayoanza na 90R. Hiyo ni kanuni ya Ulaya inayotaka pedi ya kubadilishia isipishane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika nguvu ya kushika. Pedi nyingi za Ulaya zina pia namba ya WVA, ya kutambulisha aina ya pedi, yenye tarakimu tano. Ilinganishe na ya pedi yako ya zamani kabla hujatoa hela. Pedi za Japani zinaweza kukosa alama hizo na bado zikawa halali, kwa hiyo kwa hizo tegemea namba ya spea iliyotafutwa kwa namba ya chasisi, na duka litakalokubali kuirudisha isipoingia.

Kuna na herufi mbili zilizochapwa ukingoni, kama FF au GG. Ya kwanza inaeleza mshiko pedi ikiwa haijapata moto sana, ya pili ikiwa moto mkali. E ni dhaifu kuliko F, F dhaifu kuliko G. Anayeshuka Kapchorwa au milima ya Kabale na gari limejaa asikubali EE. Kwa foleni za Jinja Road mchana kutwa, FF inatosha.

Ya tatu ni pedi za bei ya kati, zenye jina la kampuni, alama ya 90R na klipu zake ndani. Ni chaguo la heshima kwa gari la mjini. Tarajia vumbi jeusi kwenye rimu na pengine mlio asubuhi.

Chini ya hapo sina upole. Boksi jeupe lisilo na jina, siligusi. Pedi ya mtumba iliyovuliwa kwenye gari lililokatwa, hapana, hata ikiwa nene, maana huioni ilipata moto kiasi gani. Pedi kuukuu iliyobandikiwa bitana upya, hapana kabisa. Kalipa ya mtumba ni habari nyingine: ikiwa mota yake imejaribiwa na mpira wa pistoni haujapasuka, naielewa.

Kabla ya kulipa, pima disiki

Ukingoni mwa disiki kumechapwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa milimita. Ikiwa imefika hapo, nunua disiki mbili pamoja na pedi. Tupa pia jicho kwenye mafuta ya breki. Yakiwa yamekuwa kahawia, weka DOT 4 mpya. Girisi ya pini za kalipa iwe ile ya breki. Ile ya beringi inavimbisha mpira.

Fundi

Muulize swali moja: "Pistoni utairudishaje?" Akijibu kwamba ataikandamiza kwa klampu, mshukuru uondoke. Lazima kwanza mashine iamuru mota irudi nyuma, ndipo pistoni isukumwe. Ukilazimisha, meno ya ndani yanavunjika. Mashine za Launch au Autel zenye kipengele cha hendibreki ya umeme zinafanya kazi hiyo, na kwa Volkswagen na Audi kuna VCDS na OBDeleven. Kile kidude cha bei ya chini kinachosoma misimbo ya hitilafu za injini tu hakitakusaidia. Baadhi ya magari, Mazda CX-5 kwa mfano, yana njia ya kuingia hali ya matengenezo kwa kitufe na pedali bila mashine. Fundi anayeijua kwa gari lako ni wa kushikwa mkono.

Mwenye teksi mbili tatu za aina moja anaweza kununua mashine yake. Kwa gari moja la nyumbani, lipa tu.

Siku ya kazi, gari liwe kwenye sakafu tambarare na mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kwa sababu hendibreki itakuwa imefunguliwa. Gereji ya mteremko wa Muyenga siyo mahali pake. Betri iwe na nguvu, la sivyo mota inaweza kusimama njiani. Na ufunguo ukae mfukoni mwako, siyo kwa mtoto anayecheza kwenye kiti cha dereva: kitufe kikivutwa kalipa ikiwa wazi, pistoni inatoka yote.

Pedi zikishafungwa, fundi akanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, kisha mashine iirudishe mota kazini. Vuta kitufe na kukifungua mara mbili tatu, taa ya breki kwenye dashibodi izimike, ndipo umlipe. Kilomita chache za kwanza, punguza mwendo kutoka 60 hadi 20 taratibu, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa.