Glovu za Kikiboksingi kwa Anayeanza Mombasa: Kagua Bitana Kabla ya Kulipa

Malalamiko ya wasomaji wanaoanza kikiboksingi hapa Mombasa yanafanana mno: glovu zilinunuliwa mjini zikiwa zinang'aa kwa nje, na baada ya muda mfupi zikaharibika ndani. Kwa hiyo sitajadili rangi wala umbo, na kuhusu uzito nitasema tu kwamba aunsi 12 zinafaa kupigia mfuko, na aunsi 16, yaani takriban gramu 450 kwa kila glovu, zinafaa unapopigana na mwenzako mazoezini. Neno langu ni bitana, yaani kitambaa cha ndani ya glovu.

Hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na jasho lililoingia ndani ya glovu halikauki upesi. Bitana inayofyonza maji hubaki mbichi kutoka zoezi hadi zoezi, mpaka mshono unaoishikiza kwenye ncha za vidole unaachia. Harufu ni kero, lakini hatari yenyewe ni kwamba bitana iliyoachia hujikunja mbele ya vidole na kuizuia ngumi isifungike sawasawa, hivyo pigo lililopaswa kupokewa na vifundo vya kidole cha shahada na cha kati hutua upande wa kidole cha mwisho, ambako mfupa wa kiganja ni mwembamba na huvunjika kwa urahisi. Anayeanza hajui kinachomuumiza. Hudhani mkono wake ni dhaifu.

Dukani, funga kwanza bendeji ya mkononi inayovaliwa chini ya glovu, ile ya mita 4.5 hivi, kisha vaa glovu, kunja ngumi kwa nguvu na uchomoe mkono kwa ghafla. Bitana ikiufuata mkono hata kidogo, usinunue.

Ninayoipendelea waziwazi ni Fairtex BGV1, ya ngozi halisi, inayotengenezwa Thailand. Bitana yake haijapata kunifuata mkono, kiganja chake hukunjika vizuri unapofunga ngumi, na mkanda wake wa kunata hukibana kifundo cha mkono bila kukata damu. Ya pili ni Twins Special BGVL3, nayo ya ngozi kutoka Thailand, ambayo sponji yake ni nene na huwa ngumu mwanzoni, basi inahitaji subira. Venum Challenger ni ya tatu: ni ya ngozi bandia, na inamfaa anayepiga mfuko tu. Zile zisizo na jina sizipendekezi kwa yeyote.

Yoyote utakayochukua, ukimaliza mazoezi ifungue mkanda wote, iweke kivulini penye upepo, na usiianike juani kwa kuwa ngozi itapasuka.

Sasa niwageukie wauzaji. Mteja huuliza bei hadharani mtandaoni, akajibiwa aangalie inboksi, na huko bei hupimwa kwa mtaa anaotoka: wa Nyali hutajiwa yake, wa Kisauni yake. Wengine humkataza mtu kuvaa glovu akiwa na bendeji, eti ataichafua, ilhali hivyo ndivyo itakavyovaliwa kila siku. Ninaelewa kwamba bidhaa za kutoka nje hulipiwa ushuru, lakini ushuru haubadiliki ukivuka daraja la Nyali. Andikeni bei kwenye bidhaa, na muwaruhusu watu waijaribu bitana.