Usiku Mmoja kwenye Kiti cha Jaji: Tathmini ya Shindano la Picha za Habari la Kila Mwezi

Mwenzangu wa zamani, ambaye tulishirikiana meza ya picha katika gazeti moja hapa Mombasa kabla hajahamia Marekani, aliniomba mwezi wa Oktoba niwe mmoja wa majaji watatu wa shindano linaloendeshwa kila mwezi na chama cha wapigapicha wa habari wa jimbo analoishi. Nilikubali kabla sijauliza kazi yenyewe ina uzito gani. Baadaye ndipo nilipopiga hesabu nikagundua kwamba kikao kilichopangwa saa moja jioni kwao kingeanza saa tisa usiku kwangu, na kwamba picha za Septemba zilizonisubiri zilikuwa zaidi ya mia mbili. Haya ni maoni yangu kuhusu shindano hilo kama huduma: linampa nini mpigapicha anayelishiriki, linamtaka nini jaji, na linalegea wapi.

Mashindano ya aina hii ni desturi ya siku nyingi kwao. Chama cha kitaifa cha wapigapicha wa habari wa Marekani, National Press Photographers Association, kilianzishwa mwaka 1946, nacho kiliigawa nchi katika kanda ambazo wanachama wake walishindana kwa picha zilizokwisha kuchapishwa. Vyama vya majimbo kama Ohio na Michigan navyo vimekuwa na mashindano yao ya mwezi. Jina lake la Kiingereza, clip contest, linatokana na neno clip, yaani kipande kilichokatwa gazetini, maana zamani mpigapicha alichukua mkasi, akakata picha yake kwenye gazeti, akaitia katika bahasha na kuituma kwa posta. Leo mkasi hauhitajiki. Mshiriki hupakia faili, huandika maelezo ya picha, huchagua kipengele, na mshindi huvuna alama zinazojumlishwa hadi mwisho wa mwaka apatikane mpigapicha bora. Fedha hakuna katika shindano nililohukumu mimi. Kuna alama, na kuna jina lako kusomwa mbele ya watu wanaoijua kazi yako.

Sifa ya kwanza ya shindano hili, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni huo mwezi wenyewe. Sisi Kenya tuna tuzo za kila mwaka za Baraza la Habari, nami nimewahi kuwasaidia vijana kuchagua picha za kupeleka kwenye tuzo za namna hiyo. Kila mara uchaguzi huishia pale pale: maandamano, mafuriko, moto, mazishi. Mtu akiambiwa atoe picha moja iliyo bora katika siku mia tatu sitini na tano, hatachukua ile ya kinyozi. Shindano la mwezi halimpi nafasi ya kukwepa, kwa sababu kuna miezi ambayo jimbo zima halikupatwa na jambo lolote kubwa, na bado lazima mtu atume kitu. Hapo ndipo siku ya kawaida inapopata zamu yake.

Na kinyozi huyo alikuwapo. Katika kipengele cha picha za makala kulikuwa na picha ya mzee mmoja akifagia duka lake la kinyozi siku aliyokuwa analifunga kwa mara ya mwisho. Ufagio uko katikati ya mkupuo, nywele za mvi zimerundikana karibu na kiatu chake cha kulia, na katika kioo nyuma yake kinaonekana kiti kitupu kilichogeuzwa kuelekea mlangoni. Mpigapicha hakumtaka mzee atazame kamera. Alisimama mahali ambapo kioo kingemfanyia nusu ya kazi, kisha akasubiri. Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote usiku ule, na sikuhitaji kulijua jimbo wala mji ili nielewe kilichokuwa kinakwisha. Ilishika nafasi ya pili. Mimi ningeipa ya kwanza, lakini tulikuwa watatu, na wengi wape.

Mwendo wa kuhukumu ni mwepesi kuueleza, nao unachosha kuutenda. Mzunguko wa kwanza kila picha hupita kwa sekunde chache, na kila jaji husema ibaki au itoke. Sauti moja ya kubaki inatosha kuiokoa. Mzunguko wa pili unahitaji sauti mbili. Zinapobaki kama kumi, majaji huanza kuzungumza, na hapo ndipo kazi hasa inapoanza. Katika michezo kulikuwa na picha nyingi sana za soka la Kimarekani: mchezaji yuko hewani, mpira umeganda kwenye ncha za vidole, macho yamemtoka. Zote kali, zote safi, na baada ya ya ishirini sikuweza kuitofautisha moja na jirani yake. Iliyoshinda ilionyesha kocha amepiga goti kwenye matope, anamfunga kamba za kiatu mtoto mmoja wa timu ya wadogo huku mechi inaendelea nyuma yao bila yeye. Hata hiyo, nakiri, ilinipendeza pengine kwa sababu tu haikuwa na mpira.

Waandaaji walinialika makusudi kwa kuwa mimi ni mtu wa nje. Jaji wa nje hamjui mwanasiasa wa mji, hajui ni nani bingwa wa shule, hana rafiki wa kumpendelea wala hasimu wa kumkomoa, kwa hiyo picha inalazimika kusimama kwa miguu yake yenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Lakini mgeni huyo huyo anaweza kumponza mwenyeji. Kulikuwa na picha ya msichana wa miaka kama kumi na miwili, amemkumbatia nguruwe shingoni kwenye maonesho ya kilimo ya wilaya, uso wake umefichwa. Mimi mtu wa Mombasa, nguruwe si mnyama niliyezoea kumtazama kwa karibu, na nikaona ni picha ya mtoto na mnyama wake kama zile zinazojaa kwenye simu za wazazi. Nikasema itoke. Jaji mwenzangu, aliyekulia mashambani huko huko, akanizuia. Akaeleza kwamba watoto wa vilabu vya kilimo hulea mnyama kwa miezi, humlisha na kumwosha kwa mikono yao, kisha humpeleka kwenye maonesho akapigwe mnada. Anayenunua, mara nyingi ananunua nyama. Msichana yule alikuwa anaaga. Nikaitazama picha upya na nikaona haya.

Hata hivyo lawama sikuibeba peke yangu. Maelezo ya picha yalisema tu kwamba msichana, akatajwa jina, yuko na nguruwe wake kwenye maonesho. Neno mnada halikuwapo. Mpigapicha aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye machozi yale hakuona haja ya kuandika kwa nini yanatoka. Hili lilijirudia usiku kucha, nami nalitaja kama kasoro ya washiriki zaidi kuliko ya shindano: watu wanaotumia saa nzima kusubiri mwanga hutumia nusu dakika kuandika maelezo. Kwenye mkesha wa mishumaa kwa ajili ya kijana aliyeuawa, picha moja iliandikwa kwamba mwanamke analia. Nyingine, ya mpigapicha tofauti, ya mwanamke yule yule, ilitoa jina lake, umri wake, na kwamba yeye ndiye shangazi aliyemlea marehemu. Picha ya kwanza ilikuwa na mwanga mzuri zaidi, lakini tuliichagua ya pili bila ubishi.

Jambo lililonifanya nilithamini shindano dogo la jimbo kuliko nilivyotarajia lilikuja katika kipengele cha habari za ghafla. Nyumba moja iliteketea, na wapigapicha watatu wa magazeti tofauti walileta picha za moto huo. Katika picha mbili moshi ulikuwa wa kijivu, na mstari wa miti nyuma ya paa ulionekana. Katika ya tatu, iliyopigwa kwa dalili zote dakika ile ile, kwa kuwa zimamoto yule yule alikuwa kwenye ngazi ile ile ameinua mkono ule ule, moshi ulikuwa mweusi kama lami na miti haikuwapo kabisa. Tuliomba faili ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera. Tukajibiwa kwamba imekwisha kufutwa. Picha ikaondolewa.

Wasiofanya kazi hii huuliza kosa liko wapi, kwani moshi ni moshi. Kosa ni kwamba mwongozo wa maadili wa chama kile cha kitaifa unataka uhariri ulinde ukweli wa picha na mazingira yake, na kilichofutwa na giza kimefutwa sawasawa na kilichokatwa kwa mkasi. Mwaka 2003 chama cha wapigapicha wa habari cha North Carolina kilimpokonya mpigapicha wa gazeti la Charlotte Observer tuzo tatu kwa sababu ya kutia giza mandhari ya nyuma kupita kiasi. Kisa cha gazeti la Toledo Blade cha 2007 ndicho kinachofanana zaidi na chetu. Wachezaji wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Bluffton walipiga magoti uwanjani baada ya wenzao kufa katika ajali ya basi, na picha iliyotoka ukurasa wa kwanza wa gazeti hilo ilikuwa imeondolewa miguu ya mtu aliyesimama nyuma ya bango. Aliyeumbua jambo si mtaalamu wa maabara. Magazeti mengine yalikuwa na wapigapicha mahali pale pale, na katika picha zao miguu ilikuwapo. Uchunguzi wa gazeti lenyewe ukakuta picha 79 zilizochezewa, na mpigapicha akaondoka.

World Press Photo, lenye makao Amsterdam, lilipokagua faili ghafi mwaka 2015 lilitangaza kwamba asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho ziliondolewa. Shindano kubwa kama hilo lina wataalamu na vifaa. Shindano la jimbo halina, lakini lina majirani. Watu watatu wakienda kwenye moto mmoja, kila mmoja ni shahidi wa mwenzake, na jaji aliye macho anaweza kuzipanga picha zao kando kwa kando.

Hapo ndipo penye lalamiko langu la kwanza: waandaaji hawakuziweka kando kwa kando. Programu ilizionyesha kwa mpangilio wa kupakiwa, na kati ya moshi wa kijivu na moshi mweusi zilipita picha nyingi za mambo mengine. Tuligundua kwa bahati, kwa sababu ya ule mkono ulioinuliwa. Zaidi ya hayo, picha zilipunguzwa mno ukubwa, hata nilipotaka kuchunguza kingo za moshi niliona miraba tu. Faili ghafi inapaswa kuombwa kwa kila picha inayofika kumi bora, kabla ya majadiliano, isiombwe pale tu jaji anapotia shaka. Pia majina ya magazeti yalibaki ndani ya maelezo ya picha nyingi, kwa hiyo lile sharti la kutomjua mshiriki lilikuwa la karatasini tu. Mimi nisiyeyajua magazeti yale halikunigusa, ila mwenzangu wa mashambani alikuwa anayajua yote.

Vipengele navyo vinahitaji mkono. Picha za tukio la aina moja zilitumwa na mmoja kama habari na mwingine kama makala, na kanuni haikuturuhusu kuzihamisha.

Lalamiko kubwa ni la mwisho. Tulikaa hadi adhuhuri ilipokaribia kwangu, na katika saa hizo tulisema mambo ambayo mpigapicha yeyote kijana angelipa ili ayasikie: kwamba angesogea hatua moja kushoto nguzo isingeota kichwani mwa mwalimu, kwamba katika mfululizo wa picha nane za mkulima tano zinasema neno moja, kwamba maelezo yamekiua alichokiona. Hakuna lililorekodiwa. Washiriki walipata orodha: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliyetolewa katika mzunguko wa kwanza hakuambiwa hata kama alikuwa na sauti moja au hakuwa nayo. Mtu hushiriki ili apate jicho la nje kila mwezi juu ya kazi yake, na jicho hilo lilikuwapo, likaona, likasema, kisha kikao kikafungwa na maneno yakabaki kwetu watatu. Mzee wa kinyozi alimpa mpigapicha wake nafasi ya pili. Msichana wa nguruwe alimpa wake ya tatu baada ya kunusurika na ujinga wangu. Wote wawili hawajui kilichotokea katikati.

Kwa mpigapicha wa gazeti dogo, aliye peke yake kwenye chumba cha habari na asiye na mhariri wa picha wa kumwuliza, bado ningemshauri ajiunge, kwa sababu ya ule mdundo wa kila mwezi peke yake. Kwa aliyekwisha kushinda tuzo kubwa, halitamwongezea mengi. Kwa mhariri wa picha wa huku kwetu anayealikwa kuhukumu, faida ni kubwa kuliko usingizi unaopotea, mradi akubali kuuliza anapokuwa hajui anachokitazama.

Wameniomba nihukumu tena picha za Februari. Nimekubali kwa masharti mawili: kikao kirekodiwe na sauti ipelekwe kwa kila mshiriki, na kianze Jumamosi saa mbili asubuhi yao, ambayo kwangu itakuwa saa kumi na moja jioni. La pili wamelikubali siku ile ile. La kwanza wamesema watalipeleka kwenye kamati.