Komiki za mashujaa na haki: kabla ya kulipa, uliza kisa kinaishia wapi

Kilio cha wasomaji ni kilekile: mtu kanunua kitabu cha komiki, kafika ukurasa wa mwisho, na kisa bado kinaning'inia. Basi michoro na karatasi leo naviacha, wauzaji wanajua kuvisifu. Napima jambo moja: je, hadithi inaisha ndani ya kitabu ulicholipia? Komiki za kupinga dhuluma zikikatwa katikati, unabaki na mateso ya watu bila kuona nani aliyesimama kuyapinga.

Ya kwanza, bila kusita, ni *Superman Smashes the Klan* ya Gene Luen Yang na wachoraji Gurihiru. Mimi ni mtu wa DC, kampuni inayomchapisha Superman, sifichi. Ni mwaka 1946, familia ya Lee, yenye asili ya China, imehamia Metropolis, na wabaguzi wanaichomea msalaba mbele ya nyumba. Superman mwenyewe anabana nguvu zake asije akaonekana wa kuja, na binti wa nyumba hiyo, Roberta, anamwelewa kuliko watu wazima. Matoleo yote 3, yaani vijitabu ambavyo kisa kilitoka navyo kwanza, yamo katika juzuu moja.

Inafuata *X-Men: God Loves, Man Kills* ya Chris Claremont na Brent Anderson (1982), iliyotungwa iwe kitabu kamili tangu mwanzo. X-Men ni mashujaa waliozaliwa na nguvu za ajabu na wanaochukiwa kwa hilo; adui yao hapa ni mhubiri, William Stryker. Mwanzoni tu watoto wawili weusi wanauawa na miili yao kutundikwa kwenye bembea za shule, kwa hiyo usimnunulie mtoto mdogo.

*Truth: Red, White & Black* ni matoleo 7, askari weusi wakifanyiwa majaribio ya dawa iliyomuumba Captain America. Tafuta mkusanyiko wenye yote.

*Ms. Marvel* ya 2014 naipenda, ila juzuu ya kwanza inamwacha shujaa wake, Kamala Khan, na adui ambaye hajashindwa. *Black Panther* ya Ta-Nehisi Coates ndiyo inayoniudhi: kisa kimoja cha matoleo 12 kimegawanywa vitabu 3, manne manne. Nunua vyote au acha.

Kununua matoleo ya mojamoja, ya mitumba? Sawa, kama una subira.

Na hawa wauzaji wa mtandaoni! Picha ya jalada, neno "kamili", basi. Mmoja nilimuuliza kuna matoleo mangapi ndani, akanijibu kitabu ni kinene. Namba za matoleo kwa kawaida huwa kwenye ukurasa wa hakimiliki, kwa maandishi madogo. Mwambie akupigie picha ukurasa huo. Akikupiga chenga, nenda kwa mwingine.