Huduma ya chanjo ya kichaa cha mbwa: zahanati ya kijiji na hospitali ya wilaya

Mpwa wangu wa miaka 9 aling'atwa shavu la mguu na mbwa koko Jumatano jioni, mkoani Morogoro, na kwa kuwa ni mimi niliyempeleka kutibiwa hadi dozi ya mwisho, ninaandika tathmini hii kwa yeyote atakayelazimika kupita njia hiyo. Majina ya vituo sitayataja.

Zahanati inastahili sifa zote. Kabla ya kuandika chochote daftarini, muuguzi alimketisha mtoto kwenye ngazi, akafungulia ndoo yenye bomba na kuliosha jeraha kwa kipande cha sabuni ya mche, huku akitazama saa ya ukutani mpaka dakika 15 zikatimia. Majivu tuliyokwisha kumpaka nyumbani yalitoka yote. Bibi yake alipouliza mbona halishonwi, alijibiwa kwa upole kwamba sindano ya kushonea inaweza kuvisukuma virusi ndani zaidi, karibu na mishipa ya fahamu.

Matatizo yalianzia hospitali ya wilaya, Alhamisi asubuhi. Daktari aliliweka jeraha katika daraja la tatu, maana ngozi ilichanika na damu ikatoka, na mbwa mwenyewe vijana walikwisha kumuua na kumzika, hivyo hakukuwa na wa kufungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Daraja hilo hudai chanjo pamoja na seramu ya kingamwili, ambayo hudungwa ndani na kandokando ya jeraha. Seramu haikuwepo, daktari alikiri bila kuzungukazunguka, akaongeza kwamba ikipatikana popote ndani ya siku 7 tangu dozi ya kwanza bado itafaa. Hatukuipata. Chanjo nayo ilibidi nikainunue duka la dawa la mtaani na kuirudisha ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kwa sababu haitakiwi kuhifadhiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 8.

Lililonikera zaidi ni kwamba benchini tulikuwa wagonjwa watatu, kila mmoja ameshika kichupa chake, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza kudunga ndani ya ngozi, mililita 0.1 katika sehemu mbili za mwili, njia ambayo kichupa kimoja cha mililita 1 kingetutosha sote. Muuguzi alieleza kuwa wamezoea kudunga kwenye msuli, kwa kuwa kichupa kikishafunguliwa hudumu saa chache tu na wagonjwa huja mmoja mmoja. Hoja hiyo ina uzito siku nyingine, si asubuhi ile.

Dozi ya pili, ya siku ya 3, iliangukia Jumapili. Chumba cha chanjo kilikuwa kimefungwa, na mlinzi akatuambia turudi kesho. Nilikwenda na kadi hadi chumba cha dharura, ambako muuguzi wa zamu aliisoma tarehe, akasema, "Mjomba, mkunjie mkono wa shati," akamdunga mtoto begani.

Nyota tatu kati ya tano: mbili ni za zahanati, moja ni ya muuguzi wa Jumapili.