Darasa la dhambi ya asili hapa Malindi: linafaa ama ni kupoteza Jumamosi?

Watu wamenijazia meseji wakiuliza lile darasa la Jumamosi la dhambi ya asili (ile inayosemwa tumeirithi kwa Adamu) na asili ya binadamu lina maana ama ni makanisa yanatafuta pesa tu, sa wacha nijibu mara moja hapa. Linafaa. Nalipa nyota nne kati ya tano, na ile nyota niliyoikata nina sababu yake, ntaifikia huko chini.

Jina la kanisa silitaji kwa sababu nina malalamiko pia, na Malindi ni ndogo, mtu utamsema asubuhi mkutane sokoni jioni. Ada ni mia tano kwa mwezi, unapewa makaratasi ya fotokopi ambayo kurasa zingine wino umefifia husomi kitu, lakini kuna chai ya maziwa na mahamri na siku zingine mbaazi, hapo siwadai. Wameandika saa nane kamili ila mwanzo wa kweli ni saa tisa kasorobo. Feni ni moja na imeelekezwa kwa mwalimu.

Haya tuje kwenye somo lenyewe. Ukikaa kaunti hii ya Kilifi huwezi kumsikia mtu akihubiri dhambi na mwili bila kukumbuka Shakahola. Mwaka 2023 pale msituni ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, wengi wamekufa njaa eti wanafunga wapate kumwona Yesu. Tangu siku hizo mtu akikwambia njoo nikufundishe habari za dhambi unamuuliza kwanza wewe nani, umesomea wapi, nani anakusimamia. Mi mwenyewe siku ya kwanza nilikaa kiti cha karibu na mlango.

Mwalimu ni mchungaji mstaafu, mtu mzima, hapigi kelele, na alianzia hapo hapo kabla hajaulizwa. Akasema ukiona mtu anafundisha dhambi na anaanzia Mwanzo sura ya tatu, pale kwenye nyoka na tunda, mkimbie, kwa sababu kuna sura ya kwanza ambayo Mungu anaangalia kila alichokiumba, na binadamu yumo, akaona ni chema sana. Mwili si dhambi, njaa si dhambi, kula si dhambi, na anayekwambia uuchukie mwili wako amekuletea dini nyingine ndani ya gunia la Ukristo. Halafu akamleta Augustino, yule mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, ambaye wengi wetu tulidhani ni mzungu kumbe ni Mwafrika wa Thagaste, siku hizi ni Algeria, aliishi 354 mpaka 430. Huyu kabla hajabatizwa alikaa miaka kama tisa na Wamani, watu waliofundisha kwamba vitu vya mwili vinatoka upande wa giza. Alipowaacha akaja kusema ubaya si kitu kilichoumbwa kivyake, ubaya ni wema uliopungua, uliopinda. Mwalimu akasema mfikirieni binadamu kama mashua ya mbao nzuri iliyoachia kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, mbao ni zile zile nzuri, hakuna fundi atakayekwambia uichome, lakini baharini hivo hivo huendi nayo, na maji hayatoki kwa kuyakemea. Pale darasa lilinyamaza kidogo. Mi naona hiyo saa moja pekee inalipa ile mia tano.

Kisa kingine kilichowaingia watu ni kile cha Augustino akiwa na miaka 16, usiku yeye na wenzake wakaenda kuiba mapeasi kwenye mti wa jirani, na njaa hawana, na kwao kuna mapeasi matamu kuliko hayo, mengi wakaenda kuwatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye bado anajiuliza, sa nilitaka nini mimi? Jibu lake ni kwamba alipenda ule wizi wenyewe, na peke yake asingeenda, ilikuwa utamu wa kuwa na genge. Hapo kila mtu darasani akakumbuka maembe ya watu aliyoyapitia. Lakini mwalimu hakutuacha tucheke tu, akauliza waliovuta wenzao kwenda Shakahola walianzaje, si walianza kwa genge vilevile, kwa kuona aibu kubaki nyuma.

Sehemu ya Pelagius aliipitisha mbio sana, na mi nilitaka aikalie. Kwa kifupi, huyu alikuwa mtawa wa kutoka Uingereza, alisema mtu anazaliwa msafi kama Adamu alivyoumbwa, anaweza kutii akitaka, dhambi ya Adamu ni mfano mbaya tu tuliouiga. Baraza la Karthago mwaka 418 likayakataa mafundisho yake. Watu wengi pale, nikiwemo, tukajiangalia, maana kiukweli mahubiri mengi tunayosikia Jumapili ni ya Pelagius mtupu, jikaze, acha pombe, acha umbea, Mungu atakubariki, neema imetajwa kwenye sala ya kufunga tu. Nilisubiri mwalimu aliseme hilo, hakulisema, labda ni kwa sababu wachungaji wenzake walikuwa wamekaa mbele.

Mjadala ulipamba moto kwenye hili swali: ukishabatizwa, ile tamaa iliyobaki ni dhambi ama si dhambi? Wakatoliki wana mtaguso wao wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, 1546, unaosema ubatizo unaondoa dhambi ya asili yenyewe, tamaa inabaki kama uwanja wa mapambano, inakuwa dhambi pale unapoikubali. Waanglikana wanazo zile ibara 39 za imani yao, ile ya tisa inasema hiyo tamaa yenyewe ina asili ya dhambi. Wafuasi wa Calvin, yule mwanamageuzi wa Kiprotestanti, wanasema binadamu ameharibika kote, na mwalimu akafafanua vizuri kwamba si kusema kila mtu ni mbaya kiasi cha mwisho, ni kusema hakuna pembe ya mtu, akili, moyo, utashi, iliyobaki haijaguswa. Waorthodoksi wanasema tulichorithi kwa Adamu ni mauti na udhaifu, hatia ni ya aliyetenda. Mama mmoja wa Kianglikana na kijana wa kwaya ya Kikatoliki walibishana mpaka mahamri yakapoa, na mi nilikuwa upande wa mama, maana ukinisikia ninavyowaza nikiona jirani kanunua tuktuk mpya huwezi kuniambia hilo ni pambano tu bado si dhambi.

Siku iliyonifurahisha zaidi alialikwa mzee mmoja wa Kiislamu, jirani wa mwalimu wa miaka mingi, atueleze wao wanaonaje. Alikuja na kanzu yake na bakora, akakataa kiti cha mbele. Akasema sisi mtoto anazaliwa katika fitra, msafi, na Adamu alikosa, akatubu, Mwenyezi Mungu akamsamehe, yakaisha, na hakuna abebaye mzigo wa mwenziwe. Kijana mmoja akataka kumrukia na mistari, mwalimu akamnyooshea mkono tulia, akamfungulia Ezekieli 18 asome kwa sauti, pale panaposema mwana hatabeba uovu wa baba yake. Kijana akasoma, akakaa. Halafu mwalimu akasema na sisi hatusemi mtoto anashtakiwa kwa kosa la Adamu, hata Katekisimu ya Kikatoliki inasema hiyo ni hali tuliyoipokea, si tendo tulilolitenda. Mzee akauliza, sasa tofauti yetu iko wapi? Mwalimu akamjibu iko pale mnaposema mtu anahitaji kukumbushwa njia, sisi tunasema anahitaji kukumbushwa na pia kutibiwa miguu. Mzee akacheka, akasema, "Basi daktari wenu ana kazi."

Ndipo tukaambiwa kitu ambacho mi mzaliwa wa hapa nilikuwa sijawahi kusikia. Francis Xavier, yule mmisionari, mwaka 1542 akiwa safarini kwenda Goa alitua Malindi hii, na kwenye barua yake ameandika kwamba Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji alimuuliza kama makanisani kwao watu wanakwenda kusali, maana hapa ibada imepoa, misikiti ni 17 na inayoendewa ni mitatu, na hata hiyo na watu wachache. Wakabishana sababu ni nini wasielewane. Miaka karibu 500 hiyo! Yaani hata wakati huo Malindi ilikuwa inalia kilio hiki hiki. Yule mzee wetu akasema hiyo barua angeandika yeye leo asingebadilisha sana.

Sasa ile nyota niliyokata. Dada mmoja aliuliza mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa anakwenda wapi, na ukimwangalia ulijua haulizi kwa ajili ya mtihani. Mwalimu akazungukazunguka, akasema ni siri ya Mungu, akaenda kwenye ukurasa unaofuata. Hapana. Kanisa lake huyo dada ni Katoliki, na Katekisimu inasema wazi watoto hao wanakabidhiwa kwenye huruma ya Mungu, na 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa andiko zima, kwa ruhusa ya Papa Benedict XVI, kwamba kuna sababu nzito za kutumaini wameokolewa. Ukilipisha watu kuwafundisha dhambi ya asili hilo swali lazima ulijue kabla ya chai. Nilimwambia dada pale nje, lakini haikuwa kazi yangu.

Kundi jipya linaanza baada ya Pasaka, malipo ni kwa mweka hazina, dai risiti. Kama umechoshwa na mahubiri ya kutishwa, nenda. Kama unataka cheti, hawatoi. Fika saa nane na nusu, uwahi viti vya upande wa feni.